Siku tano na farasi mu pori ya Harenna, Ethiopia: wenye farasi nyota tano, ajansi nyota moja

Nianze na bei, maana mtu wa Goma ukimwambia umesafiri kitu cha kwanza anauliza "ulilipa ngapi?" Tulilipa dola 460 kila mtu, siku tano usiku nne, gari kutoka Addis Ababa mpaka milima ya Bale na kurudi, tenti, chakula, gidi wa kutuongoza, farasi na wenye kuwachunga, "vyote ndani", njo vile ajansi ya safari ilituandikia, vyote ndani. Jina la ajansi sitalitaja. Iko Addis, ina biro (ofisi) nzuri yenye kiyoyozi na foto kubwa ya farasi mweupe ukutani, na huyo farasi mweupe hatukumuona mahali popote.

Tulikuwa watatu: mimi, yaya wangu, ndiyo dada yangu mkubwa, na bwana yake. Shemeji alikuwa na formasyo (mafunzo) ya wiki mbili Addis, yaya akasema yeye hawezi kubaki Himbi kule Goma anaangalia foto kwenye WhatsApp tu kama mjane, mimi nikajibandika. Tukavuka Grande Barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, na mabegi yetu, basi mpaka Kigali, ndege mpaka Addis. Farasi hakuna kati yetu aliyewahi kupanda. Sisi kwetu mzigo unabebwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na chukudu hata ikibeba magunia ya viazi ya kutoka Kibumba haikuangalii machoni kuuliza kama una akili.

Asubuhi ya kuondoka, ajansi ilituma mesaji kwamba gari inafika saa 1. Hotelini kulikuwa na mzungu mmoja ambaye naye alikuwa na safari yake na watu wengine, wamemwandikia vile vile saa 1, akawa analalamika tangu jioni ataamka vipi saa saba ya usiku. Yaya akamwambia, papa, lala tu, ni saa moja ya jua kutoka. Kumbe Waethiopia wanahesabu masaa sawa na sisi, saa moja inaanza jua likitoka, na mwaka wao una miezi 13. Ile saa tu ilinifanya nijisikie nimefika kwa ndugu.

Barabara ni kama kilomita 400, siku nzima, tukalala Dinsho penye ofisi ya parki, mita 3,100 hivi. Dereva alikuwa mtu safi kabisa, anaendesha polepole, anasimama ukitaka kukojoa bila kukunja uso, ile nyota moja ya ajansi ni yake. Pale Dinsho unakuta swala wakubwa wenye pembe za kujisokota, wanaitwa nyala wa milimani, hawapatikani inchi ingine yoyote, wanatembea karibu na majumba kama mbuzi za Virunga (nasema soko la Goma, si parki). Sitakaa sana hapo. Kesho yake tukapanda gari tena, tukapita Goba, tukapanda juu ya Sanetti, uwanda wa mita 4,000 hivi, upepo, majani makavu, mimea mirefu kama nguzo, na upande mmoja Tullu Dimtu wenye mita 4,377. Yaya aliumwa kichwa. Mbwa mwitu mwekundu wa Ethiopia tulimuona mmoja, mbali, anavizia panya-fuko, gidi akasema hata 500 hawafiki dunia nzima na kinachowamaliza ni ugonjwa wa mbwa wa vijijini, kichaa cha mbwa na surua yao. Bon. Halafu barabara inakatika ghafla, unaona chini yako bahari ya miti na mawingu yamelala juu yake. Hiyo njo Harenna.

Farasi tuliwakuta Rira, kijiji cha pembeni ya pori. Kwa Kiamhara wanasema feres, kwa Kioromo farda, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kulikuwa na neno moja tunaelewana bila gidi kutafsiri: mzee anasema feres, mimi nasema farasi, wote tunacheka. Ni wadogo. Ukiwa umezoea farasi wa sinema utasikia kama umedanganywa, mgongo wake unanifika kifuani tu, nywele ndefu za shingo zimejaa majani, lakini miguu ile! inakanyaga matope na mizizi bila kuangalia chini. Ethiopia njo inchi yenye farasi wengi kupita zote Afrika, na nilielewa kwa nini nilipofika: ni inchi ya juu, ya baridi, mbung'o hawapandi huko. Kwetu ukishuka tu kuelekea pori za chini mbung'o anamaliza mnyama.

Sasa hapa njo mambo ilipoanza. Shemeji ana kilo 96. Nasema kwa heshima, yeye mwenyewe anajivunia. Mkubwa wa wenye farasi, mzee mwembamba mwenye shuka begani na fimbo, alimzunguka polepole, akaangalia farasi, akaangalia tena shemeji, akasema kitu kifupi. Gidi akaangalia chini.

"Anasema nini?" shemeji akauliza.

"Anasema wewe utatembea."

"Nitatembea vipi? Mimi nimelipa farasi! Hata pikipiki ya Birere inanibeba mimi na gunia ya unga!"

Yaya akamshika mkono. "Baba watoto, angalia huyo mnyama vizuri. Ungekuwa wewe njo yeye, ungekubali?"

Mzee alikuwa na haki, na nilihakikisha baadaye: hesabu wanayotumia watu wa farasi ni kwamba mzigo wote, mtu pamoja na tandiko, usipite sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Tuseme farasi kama hawa wana kilo 250, hapo unapata 50. Mimi na kilo zangu 58 nilipewa mkubwa wao kuliko wote na hata mimi kwenye miteremko yote nilishushwa nitembee. Yaya, yeye ni mwepesi, alipanda siku zote kama malkia. Kinachoniuma si mzee kukataa, kinachoniuma ni kwamba ajansi ilituuliza pasipoti, kundi la damu, kama tunakula nyama, kama tuna alerji ya karanga, na kilo haikuuliza. Wakati kilo njo swali la kwanza! Shemeji alilipia tandiko ambalo hakulikalia hata dakika moja, na hakurudishiwa kitu.

La pili. Programu ilisema farasi watatu wa mizigo, wakaja wawili. Na mizigo ya ajansi wee: meza ya kukunja, viti vinne vya chuma, kaziye (kreti) ya soda za chupa, sufuria kubwa kama ya harusi, yote hii porini kwa watu watatu ambao kwao wanakula wameketi juu ya mawe ya volkano bila shida. Mzee alinyanyua kila gunia kwa mkono, hili kushoto, hili kulia, anafumba macho kidogo, anatoa kitu huku anaweka kule mpaka pande mbili zinalingana, mkono wake ni mizani. Halafu akasema mzigo umezidi. Gidi akapiga simu Addis. Nilisikia sauti ya yule bibi wa biro, tamu kabisa: nendeni tu, ni siku tatu tu.

Tukaenda.

Nisipowaambia uzuri wa hiyo pori nitakuwa mwizi. Juu kwanza ni vichaka vya mlimani vyenye ndevu za kijani zinaning'inia, kila tawi limevaa manyoya ya ukungu, farasi wanapita chini yake na matone yanashuka mu shingo yako kama mtu anakunyunyizia maji ya baraka. Chini kidogo mianzi, mianzi minene kama ile ya parki ya Kahuzi, tofauti ni kwamba kule kwetu unaogopa kukutana na mzee mgongo wa fedha, yule sokwe dume, na huku kuna nyani mdogo ambaye chakula chake kikubwa ni majani ya mianzi, anapatikana milima hii peke yake na sehemu za jirani. Chini zaidi miti inakuwa mikubwa, imejaa mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu sana, mirefu kama ngoma, na ukiendelea kushuka unafika kwenye kahawa ya porini inayoota yenyewe kivulini. Sisi watu wa Kivu tunajua kahawa, babu yangu alikuwa na miti yake upande wa Kalehe, lakini kahawa ambayo hakuna mtu aliyeipanda nilikuwa sijaona. Walituchomea ikiwa mbichi juu ya bati, wakaitwanga hapo hapo, wakaweka chumvi kidogo. Chumvi! Yaya alikunywa tatu akakosa usingizi.

Kukaa juu ya farasi ni kitu kingine. Tandiko lao ni la mbao lenye mablanketi juu, na penye kuweka mguu ni pete ndogo ya chuma, wenyewe wanatia dole gumba tu, wanapanda miguu mitupu. Boti yangu haikuingia. Nikapanda miguu inaning'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi, na jioni ya kwanza mapaja yalikuwa yanawaka. Farasi yangu nilimpa jina Chukudu. Kijana wa mzee akalipenda hilo neno, akawa analiimba njia nzima, chukudu-chukudu-chukudu, na mimi sikuwa na Kioromo cha kutosha kumwelezea kwamba ni mbao mbili na magurudumu.

Kambi inaitwa Katcha, uwanja wa majani katikati ya pori, na hapo njo nilielewa kwamba kulala na farasi si kulala na gari. Gari unazima unasahau. Farasi ukifika yeye kwanza: unafungua mkanda wa tumbo kidogo, unamwacha apumue, unatoa mzigo, unampeleka kwenye maji, anakunywa bidoni nzima na anataka ingine, kwa siku wanaweza kufika litre 20, 30, wakifanya kazi hata 40. Halafu anakula, na kula kwake hakuishi. Usiku wa manane ukiamka unasikia kitu kimoja tu, krr, krr, krr, meno yanakata majani karibu na kichwa chako nyuma ya kitambaa cha tenti. Mzee hakuwafunga kwenye shina la mti kwa sababu farasi akisimama usiku kucha anachimba mizizi na kubambua ganda, aliwafunga miguu ya mbele kwa kamba laini, hatua fupi fupi, na mmoja alivaa njuga. Usiku wa pili njuga ilinyamaza ghafla. Farasi wote masikio mbele, wameangalia upande mmoja, hakuna anayetafuna. Fisi akalia mbali, ile sauti inayopanda juu. Mzee akaongeza kuni, akawaita kwa kuvuta mdomo, wakasogea mpaka karibu na moto kabisa, na shemeji naye akasogea.

Shemeji alikuwa amebeba sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na pilipili toka Goma, nyuma ya formasyo yote hiyo alikuwa bado nazo mu valizi. Gidi akamwambia zisilale ndani ya tenti, harufu yake inafika mpaka Somalia. Zikalala zimetundikwa juu ya mti.

Tenti zenyewe zilikuwa sawa, nakubali. Lakini saki za kulalia! Ilikuwa mwezi wa pili, kiangazi chao, mvua ikanyesha usiku wawili hata hivyo maana Harenna haijali kiangazi, na saki tulizopewa ni zile za pwani, unaziona mwanga ukizishika juu, moja zipu imekufa. 2019 nililala juu ya Nyiragongo, mita 3,470, nikadhani najua baridi, lakini pale juu kulikuwa na joto la lava machoni angalau lilikudanganya. Huku nilivaa suruali mbili na kapa ya yaya kichwani. Wenye farasi walilala na shuka zao na mablanketi ya matandiko pembeni ya moto, asubuhi wao wazima sisi tunatetemeka. Kijana alinipa blanketi la Chukudu usiku wa tatu, linanuka farasi kabisa kabisa, nililala kama mtoto.

Asubuhi ya tatu njo ilinifanya niandike yote hii. Kila siku kabla ya kuweka tandiko mzee anapitisha kiganja mgongoni mwa kila farasi, toka mabegani mpaka kiunoni, polepole, haangalii, anasikiliza kwa mkono. Akafika kwa yule wa kahawia aliyebeba meza na viti. Farasi akashusha mgongo chini kama kitanda cha kamba ukiketi, ngozi ikatetemeka. Mzee akarudisha kiganja pale pale. Chini ya nywele palikuwa na uvimbe kama yai, na katikati nywele zimetoka, ngozi iko wazi, nyekundu, upana wa kifuniko cha chupa. Ni mguu wa kiti cha chuma ulikuwa unasukuma sehemu moja siku mbili, na blanketi chini yake limelowa mvua. Mzigo ukizidi na mgongo ukiwa na maji, njo matokeo yake.

Mzee hakupiga kelele. Alichemsha maji na chumvi, akayaacha yapoe, akaosha, halafu akatoa meza, akatoa viti vyote vinne na kaziye, akavipanga vizuri chini ya mti kama saluni, akasema hivi vitabaki hapa na mwenyewe atakuja kuvichukua. Yule wa kahawia akatembea siku hiyo mtupu, bila hata kamba, anafuata nyuma. Mzigo uliobaki akapewa Chukudu, kwa hiyo jina likawa lake kweli, na mimi nikatembea na shemeji masaa sita kwenye kupanda kurudi Rira. Shemeji alikuwa amekwisha kuzoea, ananifundisha namna ya kuweka mguu kwenye mizizi, mtu wa siku tatu anajifanya mtaalamu. Njiani aliniambia, "Shemeji, unajua huyo mzee akinikataa alikuwa ananiheshimu? Angenipandisha, kidonda kingekuwa chetu." Sikumjibu, nilikuwa sina pumzi.

Tulipofika Addis, bibi wa biro alituuliza viti viko wapi. Njo swali lake la kwanza. Yaya, ambaye ni mtu mpole kwa desturi, alimwonyesha foto ya mgongo wa farasi kwenye simu na kumwambia kwa Kifaransa maneno ambayo dereva alitafsiri nusu tu. Walitaka kutukata dola 80 za viti. Hatukulipa. Walitupa punguzo la safari ya pili ambayo hatutaenda nao.

Kama moyo wako unataka, nenda, pori ile inastahili hata nauli ya kupitia Kigali. Lakini ruka ajansi: panda gari wewe mwenyewe mpaka Dinsho, pale kwenye ofisi ya parki unapata gidi, farasi na wenye farasi bila mtu wa kati, unalipa mkononi kwa mtu anayebeba kazi. Sema kilo zako mwanzo, usione haya, na ukiwa mzito jiandae kutembea na utafute viatu vya kweli. Saki ya kulalia toka nayo nyumbani. Miezi mizuri ni toka wa 11 mpaka wa 2. Vitu vya chuma acha vyote, mzigo uwe laini, magunia na mablanketi, na uhesabu shayiri ya farasi ndani ya bajeti kwa sababu ndani ya pori majani ni machache mpaka ufike uwanjani. Na asubuhi usikimbilie chai, simama pembeni ya mzee akipitisha kiganja.

Gidi alitutumia foto wiki iliyopita. Ni mgongo tu, hakuna kichwa wala mkia, lakini nilimjua kwa rangi. Kidonda kimefunga, nywele zimeota tena pale pale, sehemu ndogo kama kifuniko cha chupa, nyeupe. Aliandika kwamba zitabaki nyeupe hivyo hivyo.